Njoo Kesho: Kurasa za Daftari, Tabata 2024

Jumamosi, 16 Machi

Mchana wa mfungo, jua kali baada ya mvua ya alfajiri. Vijana wawili wamegonga geti, mmoja kabeba ngazi. Wamemwamkia Mama kwa adabu zote: "Shikamoo Mama. Samahani kwa usumbufu, bati lako la upande wa nyuma limeachia, tumeliona tukipita." Wanasema wanamalizia nyumba mtaa wa pili, ngazi wanayo, misumari imewabakia, kwa hiyo watamfanyia kwa elfu themanini kazi ambayo mwingine angedai laki na nusu. Mvua ikirudi usiku, dari lote chini.

Mama alishaingia ndani kutafuta pochi. Nikamuuliza mwenye ngazi: la nyuma umelionaje ukiwa barabarani? Upande ule wa paa unatazama ukuta wa jirani. Hata mimi ninayelala humu siuoni mpaka nipande. Akajibu kwamba ameliona "kwa uzoefu." Nikamwambia sawa, njoo kesho asubuhi, kaka atakuwepo, mtapanda naye. "Kesho tuko Mbezi, dada. Leo ndiyo tumepita huku." Basi siku mkitoka Mbezi. Ngazi ikarudi begani, wakaondoka bila kuaga.

Mama kaninunia. Anasema nimewafukuza watoto wa watu wanaotafuta riziki, tena mwezi mtukufu. Tumefuturu kimya kimya.

Jumapili, 17 Machi

Fundi wetu amepanda asubuhi. Misumari michache imepoteza raba, kofia iko salama, hakuna bati lililoachia. Amebadilisha misumari, nimempa elfu kumi na tano na nauli yake.

Nimemuuliza wale vijana wangefanya nini huko juu. Amecheka. "Wakishapanda, paa ni lao. Wewe uko chini, huoni. Anang'oa msumari, anakuita uchungulie mwanga darini. Tundu utaliona kwa macho yako. Limetobolewa lini, hilo hutalijua." Wengine, anasema, hupaka lami juu ya bati zima, siku ya kwanza inang'aa, jua likiipiga inapasuka na kuachia, na chini yake kutu inaendelea kula.

Nimemwandikia Mama kwenye karatasi ya jikoni: hakuna anayepanda paa kabla hapajapigwa picha mahali anaposema pameharibika, na anapanda mtu wetu naye. Mama kaisoma, kaibandika kwenye friji, hakusema neno. Naona bado lile la riziki linamkaa moyoni. Na mimi linanikaa.

Jumatatu, 25 Machi

Dukani kwetu, kwenye vifaa vya ujenzi. Kuna fundi amekuja na pesa za mteja, anataka bati geji 30 lakini risiti isomeke geji 28. "Ya mkono tu, dada, usitie kwenye mashine. Tofauti tunagawana." Geji inadanganya wengi kwa sababu namba kubwa ndiyo bati jembamba: 30 ni jepesi kuliko 28, na likishapigwa msumari na kupakwa rangi hakuna mwenye nyumba atakayelipima. Nimemwambia duka letu linatoa risiti ya EFD na bidhaa inaandikwa kama ilivyo. Akavuka barabara. Sijui alikokwenda, ila sidhani kama alirudi mikono mitupu.

Miaka yote niliyokaa kaunta hii nimeona fundi wa kupita na fundi wa kuitwa wakinunua tofauti. Wa kuitwa hununua kwa mafungu, hurudi kubadilisha kitu, mteja wake huja naye angalau mara moja. Wa kupita hununua kidogo, haraka, cha bei ya chini, na huwa anaulizia saruji ya bei nafuu. Mfuko umeandikwa 32.5 au 42.5, na wateja hudhani ni habari za kiwanda. Ni nguvu ya saruji, inayopimwa baada ya siku 28. Ile 32.5 inatosha kwa kujengea tofali na kupiga lipu. Mtu akikuahidi zege la nguzo kisha akaja na 32.5 bila kubadili vipimo vyake, kuna kitu amekula.

Nikiwa kwenye daladala nimewaza: zege lenyewe haliendi na haraka. Likishamwagwa linataka kumwagiliwa maji wiki nzima lisipasuke. Anayekuja saa tatu asubuhi, akasakafia mbele ya geti na kuondoka na pesa yote saa kumi, nani atamwagilia? Nyufa zitatokea yeye akiwa mtaa mwingine.

Ijumaa, 3 Mei

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatangaza Kimbunga Hidaya kila saa. Redio, simu, magrupu ya WhatsApp, kila mahali Hidaya. Mtaani mapanga na misumeno ya mashine imetoka utadhani ni siku ya sherehe. Wanaingia nyumba hadi nyumba: "Kimbunga kinafika kesho, mti huu utalala juu ya nyumba."

Mama jirani amekubali wamkatie mwembe. Ni mjane kama Mama, watoto wako Mwanza na Oman, wanampigia simu wakimhimiza achukue tahadhari. Laki mbili, zote mkononi kabla panga halijagusa mti. Nilipotoka kazini saa kumi na moja nilikuta nusu ya mwembe iko chini, nusu imesimama, na jamaa wanadai laki nyingine ya kubeba matawi. "Tulikubaliana kukata, Mama. Kubeba ni kazi nyingine." Hana. Wameondoka. Matawi yamelala ndani ya mtaro.

Tawi lililokuwa linagusa waya, ambalo ndilo lingekuwa la kuogopwa, hawakulisogelea. Bora hivyo: matawi yaliyofika kwenye waya ni kazi ya shirika la umeme, TANESCO, wanazima laini kwanza, na mtu wa msumeno anayepanda kienyeji anaweza kushushwa maiti.

Jumapili, 5 Mei

Hidaya imepiga Mafia jana na kufifia. Huku kwetu tumepata upepo na mvua, mwembe uliobaki nusu haukuanguka. Kilichomwumiza Mama jirani ni mtaro: matawi yameziba, maji yamerudi uani kwake hadi jikoni. Tumekesha na ndoo. Leo vijana wa mtaa, wale wale wanaoshinda kijiweni na ambao watu huwalaumu kwa uvivu, wamekuja na panga na toroli, wamesafisha mtaro hadi kwenye karavati. Alipowauliza anawapa nini, mmoja kasema, "Chai tu, Bibi." Amewapikia chai na maandazi, na akamlazimisha kila mmoja apokee elfu tano.

Jambo ninalotaka kulikumbuka: juzi Mama jirani hakudanganywa kwa uongo. Kimbunga kilikuwa cha kweli, redio ilikuwa ya kweli, hofu ya watoto wake ilikuwa ya kweli. Wale jamaa walichouza ni haraka tu, wakamtoza laki mbili.

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha mtaa, chini ya mti wa ofisini. Hoja ya tatu: mafundi wa kupita. Karibu kila mtu ana kisa. Mmoja aliuziwa "rangi ya kiwanda" iliyoongezwa maji, ikaoshwa na mvua ya kwanza. Mwingine alinyonyewa shimo la maji taka, akalipia tripu mbili. Gari la pili lilikuwa lile lile, limezunguka kona na kurudi bila kumwaga popote. Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini mwenye kisa hakucheka.

Mwenyekiti anapendekeza katazo: asigonge mtu geti la mtu kutafuta kazi, atakayeonekana apelekwe ofisini. Watu wamepiga makofi. Mzee wa Reli (mstaafu wa shirika, nyumba ya kona) ndiye aliyepiga makofi zaidi.

Mimi nimenyoosha mkono. Nimeuliza kijana mwenye fyekeo anayetukatia majani kila mvua ikipungua naye apelekwe ofisini? Mkwezi anayeshusha madafu? Yule dada anayepita kuulizia nguo za kufua? Hawa wote hugonga. Hawana duka wala kibao. Mguu ndio tangazo lao. Mwenyekiti kasema hoja nzuri, tutaijadili. Haikujadiliwa.

Jioni nimemsimulia Mama. Amesema, "Sasa unaniunga mkono." Amecheka kwa mara ya kwanza kuhusu habari hii.

Jumatano, 17 Julai

Mzee wa Reli amepigwa. Yeye wa makofi. Vijana watatu, ovaroli safi, pampu mgongoni, barakoa usoni. "Mzee, tumetoka kufukiza pale nyuma, dawa ya mchwa imebakia, ikilala inaharibika. Tukufanyie nusu bei." Mzee ana fremu za milango zinazoliwa kweli, mchwa wamejenga njia zao za udongo ukutani, unaziona ukiingia tu. Wamepuliza kuta, wamepuliza fremu, wamechukua laki moja na themanini. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa.

Nimekwenda kumpa pole nikakuta mchwa wanaendelea na shughuli zao. Mchwa wa nyumbani hutoka ardhini. Dawa ya kweli inachimbiwa kuzunguka msingi, inanyweshwa udongo lita kwa lita, na kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa sakafu hutobolewa matundu ili dawa ifike chini. Pampu moja ya mgongoni juu ya ukuta inalowesha rangi tu. Tena wanaofanya biashara ya kufukiza wanatakiwa wawe wamesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kopo la dawa linatakiwa liwe na kibandiko chenye jina na namba ya usajili. Mzee anasema dawa ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Nilimwuliza kwa nini hakusubiri mwanawe atoke kazini. Akanijibu kitu ambacho kimenigusa: "Nilijua inaharibika, nikaona hasara bure." Ameonea huruma dawa yao.

Ijumaa, 19 Julai

Nimemsindikiza Mzee kituoni. Askari amekuwa mwungwana, ameandika. Kosa lina jina lake sheriani: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kisha yakaja maswali. Majina? Hajui. Gari? Walikuja kwa miguu. Risiti? Hakuna. Ulilipa vipi? Taslimu. Askari akaweka kalamu chini taratibu.

Angelipa kwa simu, jina lililosajiliwa lingetokea kabla hajathibitisha, na laini siku hizi zinasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Jina hilo lingekuwa mwanzo wa jalada. Wale waliona mbali zaidi: mmoja alimwambia "mtandao unasumbua leo, Mzee, tupe keshi." Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, mtu anaweza kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo, lakini mahakama inahitaji mtu wa kuitwa. Ukifungua shauri dhidi ya vijana watatu wenye ovaroli, nani atapokea samansi?

Tukirudi Mzee hakuzungumza mpaka sheli. Kisha kasema ataleta tena hoja ya katazo.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo Mama kanifurahisha, na hii naiandika kama alivyonisimulia.

Saa tano, mimi kazini. Wawili, kofia ngumu, vizibao vinavyong'aa, kitambulisho shingoni kimegeuzwa upande wa nyuma. Vishoka, mafundi bandia wa umeme, lakini vishoka waliojipamba. "Mama, mita yako ya LUKU itazimika tarehe 24 Novemba. Tunasasisha nyumba kwa nyumba, gharama elfu ishirini na tano." Sehemu ya habari hiyo ni kweli tupu. Mpwa wangu anayesomea umeme alitueleza mwezi uliopita: mita nyingi za malipo ya kabla duniani zinahesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyosasishwa haitapokea umeme mpya. Ndiyo maana TANESCO wanaendesha zoezi nchi nzima: ukinunua umeme unaletewa tarakimu ishirini za kwanza, ishirini za pili, halafu ishirini za umeme wenyewe, unaziingiza kwa mpangilio huo na kazi imekwisha. Bure. Hakuna mtu anayehitaji kuingia uani mwako.

Mama alishaingiza zake. Lakini hakuwaambia. Amewavutia viti barazani, kawapa maji, kisha kawaomba kumbukumbu namba ya malipo. "Pesa ya Serikali, wanangu, hailipwi mkononi." Mmoja akasema hii ni huduma ya dharura, haina namba. Mama akasema sawa, mngoje Mzee wa kona, naye mita yake haijasasishwa, aje mtufanyie wote pamoja. Akapiga simu mbele yao. Mzee hajafika getini, maji hawajamaliza, wameshakumbuka wana miadi Segerea.

Nilimuuliza kama hakuogopa. "Niogope nini? Niliwapa muda tu. Mwenye kazi muda haumchomi."

Jumapili, 24 Novemba

Umeme upo. Mama kanunua wa elfu tano asubuhi kwa kujaribu tu, mita imepokea. Mtaa mzima wanazungumzia uchaguzi wa mtaa wa Jumatano. LUKU imepita bila habari.

Jumapili, 8 Desemba

Uongozi mpya wa mtaa, kikao cha kwanza wiki ijayo, na katazo limo kwenye ajenda. Mzee wa Reli kanitumia ujumbe, anataka niunge mkono. Naandika hapa nitakayosema ili nisipotee mbele za watu.

Kwanza, tuangalie waliotupiga na waliojaribu mwaka huu. Wa dawa walikuja na ovaroli na barakoa. Wa LUKU walikuja na kofia ngumu na kitambulisho. Katazo la kugonga litamzuia kijana wa fyekeo mwenye kandambili, na halitamzuia mwenye kizibao kinachong'aa, kwa sababu huyo mlinzi wa mtaa mwenyewe atamfungulia.

Pili, ofisi ya mtaa iwe na daftari. Fundi yeyote, wa kupita au wa kuitwa, aandike jina, namba ya simu, nyumba anayofanyia kazi. Anayeanza mtaani bila kujulikana apite hapo asubuhi kwanza. Ni dakika tano. Fundi wetu nimemuuliza kama ataona ni udhalili. Amesema: "Mimi ndiye ninayelitaka. Kila nyumba iliyopigwa inanishusha bei mimi." Wenye nyumba walioumia mwaka huu siku hizi wanamkatalia hata advansi ya vifaa, na yeye hana mtaji wa kuvinunua. Hilo watu kikaoni hawajalisikia, nitalisema polepole.

Tatu, malipo. Vifaa anunue mwenye nyumba mwenyewe, au aende na fundi dukani na risiti ya EFD iandikwe kwa jina lake. Ufundi ulipwe kwa hatua, kwa simu, na fungu la mwisho lisitoke kabla kazi haijakaguliwa. Paa likaguliwe baada ya mvua, zege baada ya wiki ya kumwagiliwa, mchwa baada ya mwezi. Anayekataa fungu la mwisho lingoje anatuambia jambo kuhusu kazi yake.

Nne, wazee wanaobaki nyumbani peke yao mchana. Wapigaji hawaji Jumapili nyumba ikiwa imejaa watu. Kila mzee awe na majirani wawili wa kupigiwa simu kabla hajatoa shilingi, na majirani hao wafike. Mama yuko tayari kuwa mmoja wao kwa upande wetu, na Mama jirani pia, ambaye mwembe wake nusu umechipua upya na unamkera.

Mzee wa Reli atapinga la pili, najua, atasema daftari litaibiwa. Nitamwomba yeye alitunze.